Alasiri Moja Saadani

Tuliondoka Dar es Salaam baada ya Sala ya Alfajiri, watu saba katika gari la kukodi: sisi wazazi, watoto wanne na bibi yao. Safari ya kupitia Bagamoyo haina mengi ya kusimulia ila vumbi.

Hifadhi ya Saadani, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ndiyo pekee Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Asubuhi tulipanda mashua Mto Wami tukawaona viboko na mamba. Mchana tukawaona twiga, kongoni, na ngiri wakikimbia mikia juu. Mtoto mmoja akauliza kama ngiri si haramu. Bibi akamjibu kuwa kumtazama hakujaharamishwa.

Adhuhuri tulinuia kuichelewesha tuijumuishe na alasiri, kwa ruhusa aliyopewa msafiri, tukitaraji kusali kijijini. Ilipotimu saa kumi na moja, tembo jike na ndama wake wakasimama katikati ya njia. Nyuma yetu palikuwa na tope. Kiongozi wetu akazima injini: kushuka hakuruhusiwi, na honi ni kumchokoza.

Dakika zikapita. Yule mama akatandaza masikio, akatutazama, kisha akaendelea kuvunja matawi kana kwamba hatupo. Sala mbili zilikuwa shingoni mwetu, na jua halikumngoja mtu. Baba watoto akamsihi kiongozi asogeze gari walau kidogo. Bibi, tasbihi mkononi, akasema, "Mwanangu, yule ana mtoto. Nawe nilikubeba hivyo hivyo. Subiri." Tukakubaliana kwamba jua likifika vileleni mwa miti, tutasali vitini kwa kadiri ya uwezo wetu.

Halikufika. Baada ya dakika arobaini ndama akaingia kichakani, mama akamfuata.

Kijiji cha Saadani ni bandari ya kale. Hapa Bwana Heri bin Juma alipambana na Wajerumani mwaka 1889. Siku hiyo hatukuwa na nafasi ya historia. Wenyeji walituona tukishuka mbio, wakatuletea ndoo ya maji bila kuuliza, wakampa bibi kiti.

Simba hatukumwona. Kitinda mimba wetu anadai aliuona mkia wake, nasi hatukumbishia.