Picha ya Bibi

Bibi alipofariki, picha ya kuweka mbele ya jeneza nilikabidhiwa mimi. Kwetu ukishakuwa mwandishi wa habari, basi kila kinachohusu kamera na kompyuta ni chako.

Picha ilikuwa moja tu, ya uzeeni, imepauka na kukunjika katikati. Niliiskani, nikaifungua kwenye GIMP, programu ya bure, nikajifunza usiku huohuo. Kumbe si kazi ngumu: unanakili sehemu nzima iliyo jirani, unaipaka juu ya ufa. Ufa ulipoisha, mkono ukanoga. Nikafuta na makunyanzi. Kisha nikabofya kile kitufe cha kusawazisha rangi, Bibi akawa maji ya kunde.

Shangazi aliitazama weee. "Huyu mrembo ni nani? Mama yangu alikuwa mweusi."

Nilikosa jibu. Januari 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpiga picha Narciso Contreras kwa sababu alifuta kamera ya mwenzake kwenye picha ya vita vya Syria. Mimi huyuhuyu niliwahi kuisifu hatua ile, eti picha ni ushahidi. Yeye alifuta kamera. Mimi nimemfuta Bibi.

Nikaanza upya. Mkunjo wa karatasi niliuondoa, ya usoni nikayaacha. Nikashusha mwanga kidogo kidogo mpaka weusi wake ukarudi.

Shangazi alipita nyuma yangu, akasimama.

"Shikamoo, mama," akasema.