Vifaru Wawili wa Nakuru
Tulipoingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru na ahli zetu, watoto walimtafuta kifaru mweupe kwa rangi, wasimwone. Kumbe wote ni wa kijivu, ama rangi ya tope waligaagaalo! Tofauti ni umbo. Dume la mweupe, ambaye asili yake ni Afrika Kusini, huweza kupita kilo 2,000, na mdomo wake mpana hukata nyasi. Mweusi, mwenyeji wetu, ni kama nusu yake. Mdomo wake umechongoka, huchuma majani vichakani.

Mkubwa yu uwandani, tulimwona upesi. Mdogo ndiye adimu. Miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na weusi wapatao 20,000; miaka ya 1980 majangili waliwabakisha chini ya 400. Ndipo mwaka 1987 Nakuru ikafanywa makazi maalumu ya vifaru. Binti yetu mdogo alikodolea vichaka macho hata alasiri ikaingia; mweusi hakutokea.