Mauzo ya Desemba, Betri za Machi

Katika chumba chetu cha habari kuna ubishi mmoja usioisha. Mimi naandika makala za utamaduni, mwenzangu yuko dawati la biashara. Kila kampuni ya gemu inapotangaza kifaa kipya cha kuchezea kwa kurusha mikono na kuinua miguu, yeye anatabiri msiba. "Hivi ni vitu vya kushangaa," anasema, "si vitu vya kununua mara ya pili."

Mpenzi wa vitabu anaweza kuuliza, sasa hili linatuhusu nini? Linatuhusu sana. Sisi tunajua kuwa kitabu kununuliwa ni jambo moja na kusomwa ni jambo jingine. Kuna riwaya zilizouzwa maelfu kwa maelfu ambazo ukizifungua kurasa zake bado zinanata. Takwimu za mauzo huhesabu mkono unaotoa pesa. Kilichotokea baada ya hapo hazikijui.

Ushahidi mkuu wa mwenzangu ni Kinect, kamera ya Microsoft iliyoingia sokoni Novemba 2010 kwa ajili ya Xbox 360. Haukushika kitu. Ulisimama mbele yake, nayo ikausoma mwili wako, mikono hadi miguu. Katika siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8, na Guinness wakaiandika kuwa kifaa cha kielektroniki kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote vilivyotangulia. Ungekuwa mwekezaji ungeruka kwa furaha. Lakini mwaka 2013 Microsoft waliamua kuifungasha pamoja na Xbox One, boksi likauzwa dola 499, wakati PlayStation 4 ilikuwa dola 399. Haukupita mwaka, wakaanza kuuza mashine bila kamera. Oktoba 2017 ikathibitishwa kwamba Kinect haitengenezwi tena. Kutoka rekodi ya dunia hadi kuzikwa, miaka 7.

"Unaona?" mwenzangu husema hapo, na kumalizia chai yake kama wakili aliyefunga kesi.

Mimi humjibu kwa Wii. Nintendo waliitoa mwaka 2006, mashine isiyo na nguvu kama za washindani wake, ila ina rimoti ya kurusharusha. Zikauzwa zaidi ya milioni 100. Katika nchi nyingi gemu ya Wii Sports ilikuja ndani ya boksi lilelile, kwa hiyo mtu alifika nyumbani, akachomeka waya, na dakika hiyohiyo bibi yake akawa anacheza tenisi sebuleni. Hakuna aliyeambiwa anunue kifaa halafu asubiri gemu nzuri ije.

Na yeye naye ana jibu. Waliojaa pale, anasema, hawakuwa wachezaji. Ni wageni waliokuja kwenye shughuli, wakala, wakaondoka. Nintendo walipotoa Wii U mwaka 2012, ilifika mwisho wa safari yake haijauza hata milioni 14. Wale mabibi wa tenisi walikuwa wapi?

Mmoja wa wageni hao ninamfahamu vizuri. Ni baba yangu.

Mzee alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa anakuja mara mbili kwa wiki. Siku tano zilizobaki mkono ulilala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Tulimbembeleza, tukamgombeza, akageuza uso. Kisha binamu yangu akaja likizo kutoka Uingereza na Wii yake ya zamani, plagi ya pini tatu ikaingia ukutani bila shida. Mjukuu akaanza kucheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe likaangushe vigingi. Mzee akatazama siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Hebu lete."

Kwenye bolingi unabana kitufe kilicho nyuma ya rimoti, unarusha mkono, kisha unakiachia kwa wakati wake. Kubana aliweza. Kuachia ndiyo ilikuwa kazi. Alihangaika na kidole kimoja wiki nzima, si kwa sababu daktari alisema, bali kwa sababu mtoto wa miaka 9 alikuwa anamcheka. Sisemi mashine ilimponya. Nasema ilimpa sababu ya kuunyanyua mkono siku zile tano.

Halafu panya akakata waya wa kile kijipau kinachowekwa karibu na TV. Watu hukiita kihisi, kumbe hakihisi chochote. Kina vitaa vya mwanga usioonekana kwa macho, na rimoti ndiyo inayovitazama. Nilipokosa kingine madukani, nikasoma kuwa mishumaa miwili inatosha. Na kweli ilitosha. Umeme upo, TV inawaka, na mishumaa miwili mezani. Jirani aliingia akadhani tuna maombi.

Nilimsimulia mwenzangu haya nikidhani nimeshinda. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Pole sana kwa Mzee. Lakini yeye hakununua chochote." Ni kweli. Mtu aliyekihitaji kile kifaa kuliko wote hayumo kwenye hesabu yoyote ya kampuni. Alipewa kilichochakaa, akakitumia kuliko mwenyewe aliyekinunua.

Ila hapohapo ndipo hoja yake inapovuja. Ring Fit Adventure ya Nintendo ilitoka Oktoba 2019: duara la plastiki la kubana kwa mikono, mkanda wa kufunga pajani, na gemu ya kutoa jasho. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, ilikuwa adimu madukani, na hadi sasa zimeuzwa zaidi ya milioni 15. Kabla yake Wii Fit, na ubao wake wa kusimamia, iliuza zaidi ya milioni 22. Hizo ni pesa zilizolipwa na watu wenye miili inayowadai kitu. Kinect ilimwambia mnunuzi, tazama maajabu. Maajabu huzoeleka. Mgongo unaouma hauzoeleki.

Kwa hiyo nikiulizwa kama kifaa kijacho cha namna hii kitauza, mauzo ya Desemba hayanisisimui. Zawadi za Krismasi huuza chochote. Mimi nasubiri Machi, nione ni nani bado anakinunulia betri.