Hamonika gani? Sikiza mtu ameshaumia

Hamonika yangu ya kwanza niliinunua tao kwa bei ya kutupa. Siku ya kumpigia shosho wimbo wake, tundu la nne likakataa kutoa sauti. Shosho akaumalizia kwa kuimba. Niliaibika, wasee.

Siku hizi nalinganisha kwanza. Hohner Marine Band iko sokoni tangu 1896, na wakali wa blues kama Little Walter waliipiga. Sauti inapenya, lakini ndani ni mbao, na mbao ikilowa mate huvimba. Special 20 ina plastiki ndani: haivimbi, na mdomo unateleza poa. Lee Oskar nayo, ulimi ukiharibika, unabadilisha bati za ndani tu.

Nikachukua Special 20. Sauti ya Marine Band bado naitamani, ila shosho hawezi kungoja mbao ikauke.