Nilivyoiharibu sauti ya bibi

Nimekuwa kimya majuma mawili: nilikuwa Msambweni kwa bibi, nimebeba laptopu, maikrofoni ya kondensa na kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa kwenye tundu la USB. Nilitaka kurekodi hadithi zake za Kidigo, pamoja na nyimbo zilizomo.

Kondensa huhitaji volti 48 kutoka kwenye kadi. Nikabonyeza kitufe chake, nikafungua Audacity. Bibi alianza kwa sauti ya chini, nami nikazungusha kifundo cha geini kuikuza. Kosa! Alipofika kwenye wimbo akapaza, mawimbi yakagonga juu na kukatika. Sauti iliyokatika hivyo hairudi, hata uwe na programu gani. Chini yake kulikuwa na feni, na mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50.

Kesho yake nilichomoa chaja, laptopu ikatumia betri, mngurumo ukaisha. Feni tukaizima (joto la Pwani mnalijua), nikatundika mashuka ukutani. Safari hii nilitaka aanze na wimbo, kwa nguvu zote, ndipo nipange geini, kilele kisipite desibeli -12. Ukirekodi kwa biti 24 nafasi inatosha.

"Si nilikuimbia jana?" akauliza. Akaimba, lakini ubeti mmoja akauruka. Nilipomkumbusha alicheka, akasema umemtoka. Ninao kwenye faili la jana, umepasuka.