Jumapili ya Mikaeli na Watoto

Kwetu Machame, Jumapili moja ya mwishoni mwa Septemba ilikuwa mali ya watoto. Malaika Mikaeli huadhimishwa tarehe 29 ya mwezi huo, na Walutheri wa Tanzania wana desturi ya kuunganisha sikukuu hiyo na watoto: Mikaeli na Watoto, ndivyo inavyoitwa. Siku hiyo watoto ndio waliosoma masomo, ndio waliopitisha vikapu vya sadaka, ndio walioimba. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi wakinyoosha shingo, kila mmoja akimtafuta wa kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilikuwa ya kutafuta, lakini shati jeupe halikuwa na msamaha. Mama alifua Ijumaa, Jumamosi jioni akapiga pasi ya mkaa, akipuliza majivu yasije yakaangukia kola. Baba naye alikaa barazani na tarumbeta lake kubwa la besi mapajani. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na desturi ya kupuliza nyimbo za kanisa kwa tarumbeta, sauti zote nne, ilitoka huko kwao Ujerumani. Sijui mangapi lile la Baba lilikuwa limeyaona, ila lilikuwa na mabonde ubavuni, na springi ya kitufe kimoja ilishakufa. Baba alifunga mahali pake ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Ukikibonyeza kitufe kilirudi, lakini kwa kujivuta. Usharika ulishazoea: wimbo ukifika kwenye nota ya kitufe kile, watu walipunguza mwendo, besi ikawafikia, wakaendelea.

Hakuna hata mmoja kati ya wapulizaji aliyesomea muziki. Baba alifundisha shule ya msingi. Aliyekaa kulia kwake alikuwa fundi cherehani. Wengine walikuwa wakulima waliotoka kuanika kahawa, kucha zao bado nyeusi. Wote walijifunza solfa kwa mwalimu wa kwaya, aliyeandika do, re, mi ubaoni kwa chaki na kumwimbisha kila mtu sauti yake mpaka imwingie. Hata sisi watoto tulikuwa tunajua nani nyumbani ni besi, nani ni alto.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, mdogo wangu alipewa kuwa Mikaeli katika ngonjera ya shule ya Jumapili. Mama alimtengenezea mabawa ya karatasi ya manila na waya, kaka akamchongea upanga. Kwa wiki nzima hatukulala kwa ngonjera ile; kuku wenyewe waliijua. Siku yenyewe akapanda mbele, akainua upanga, akaona macho yote yale. Kimya. Bawa moja likaanza kuinama. Mtoto aliyekuwa shetani, ambaye alitakiwa ajibu, naye akabaki kumtazama.

Mwalimu wa kwaya hakumnong'oneza maneno. Alianzisha pambio kutoka pale pale alipokaa, kana kwamba limepangwa. Akina mama wakalidaka, wazee wakaweka besi, na fundi cherehani akashika tarumbeta akatafuta wimbo uko wapi. Tuliimba, tukarudia, tukarudia tena, mpaka tukamwona Mikaeli naye anaimba. Pambio likashuka taratibu, naye akasema mistari yake yote kwa mkupuo, kwa sauti ya mtu anayegombana. Shetani akakimbia. Vigelegele vilipanda mpaka darini, na bibi mmoja akaenda mbele kwa madaha kumtunza, akambandika noti kwenye paji la uso.

Baada ya ibada mnada ulifanyika nje. Asiye na fedha alileta mkungu wa ndizi, mayai, maziwa kwenye kibuyu. Jogoo mmoja alinunuliwa, mnunuzi akamrudishia Bwana, akapigiwa mnada upya. Nadhani alilipa bati la kanisa peke yake. Bei ilipolegea, tarumbeta zilipuliza kuwachangamsha watu.

Nyumbani, tukila machalari, ndipo ibada ilipohukumiwa.

"Ule wimbo wa sadaka mmeuvuta mpaka vikapu vimemaliza kuzunguka," Mama alisema.

"Sisi tulikuwa sawa," Baba alijibu bila kuinua kichwa. "Ninyi alto ndio mliotangulia."

Siku hizi usharika una kinanda cha umeme na spika ndefu, na mara nyingi watoto huimba wakifuatisha CD. Wanapendeza, hatua zao ni moja, sauti haipotei. Siwalaumu, maana nami nimepiga makofi. Lakini nimemwona mtoto akisahau ubeti, na CD ikasonga mbele bila yeye. Alisimama pale akichezesha mikono tu mpaka wimbo ukaisha. Muziki wetu ulikuwa na kasoro nyingi, ila ulikuwa wa watu, na watu huweza kumngoja mtu.

Katika familia yetu hakuna aliyefanya muziki kuwa kazi. Hata hivyo tukikutana msibani au harusini, mmoja akianzisha wimbo wa kitabu chetu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, hatuulizani nani aimbe sauti gani. Na akitokea wa kuchelewa, wote tunapunguza mwendo.