Tumbo la Mzee

Tumbo ni chumba kisicho dirisha. Mkono wa tabibu hupapasa ukuta wake kwa nje, na picha za mashine huonyesha vivuli vya vilivyomo. Lakini kwa maradhi machache ukweli haujulikani mpaka mlango ufunguliwe kwa kisu. Kijana akivimba tumbo, nyumba nzima hushtuka. Mzee akivimba, husemwa kuwa amenenepa, au ana gesi, au ni uzee tu. Neno hilo uzee limekwisha kuzika watu wengi ambao ugonjwa wao ulikuwa na jina lingine.

Yako maradhi yanayofaidi sana desturi hiyo, nayo huanzia katika kidole tumbo, kile kipande cha utumbo ambacho mtu hakikumbuki ila kinapouma. Ndani yake huota uvimbe utoao ute. Kidole hujaa, hupasuka pasipo kelele, na chembe zake humwagika katika uwazi wa tumbo. Huko hazina haraka. Hufuata maji ya tumbo yaendako, hutua chini ya kiwambo na ndani ya nyonga, zikaendelea kutoa ute mzito kama wa bamia mwaka baada ya mwaka. Werth, tabibu wa Kijerumani, aliyapa maradhi haya jina la sudomiksoma mwaka 1884, alipoyaona kwa mwanamke mwenye uvimbe wa ovari. Kwa muda mrefu ovari zililaumiwa. Baadaye ilidhihirika kuwa mara nyingi mkosaji ni kidole tumbo. Kwa mwaka huwapata watu wachache tu katika kila milioni, wengi wao wakiwa wamefika au kupita umri wa makamo.

Uchache huo ndio unaowaponza wagonjwa, maana ugonjwa adimu hauji na sura yake. Kwa wanaume huja mara nyingi kwa sura ya ngiri. Na ni kitu gani cha kawaida kwa mzee kuliko ngiri? Hulazwa, hupewa dawa ya usingizi, na mpasuaji hukata akitarajia kazi ya muda mfupi. Kisha badala ya utumbo hukuta ute katika mfuko wa ngiri. Hapo hupimwa akili ya mpasuaji. Aliye mwepesi wa kuridhika hufuta ute, hushona, humpongeza mgonjwa. Aliye makini huchukua kipande, hukipeleka kwenye hadubini, akangoja. Hadubini ndiyo inayoamua kama chembe hizo ni za pole au ni za saratani kali, na njia za matibabu hugawanyika hapo.

Kwa wale ambao njia imewafungukia, kazi ni kubwa. Mpasuaji huondoa utando uliopakwa ute, na pengine wengu, nyongo, mji wa mimba na sehemu ya utumbo. Kisha huosha tumbo kwa dawa ya saratani iliyopashwa moto wa digrii 42 hivi, kwa saa moja au zaidi. Paul Sugarbaker wa Marekani aliieneza njia hii tangu miaka ya 1980. Siku nzima yaweza kupita mgonjwa angali mezani. Je, mzee wa miaka 75 astahimili hayo? Hesabu ya miaka peke yake haijibu. Moyo, mapafu, chakula alacho na hatua awezazo kutembea hujibu vizuri zaidi. Lakini kuna jibu moja ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulitoa, nalo ni la mzee mwenyewe. Ni ajabu jinsi watoto wanavyosimama kando ya kitanda wakajibu kwa niaba ya mtu ambaye masikio yake ni mazima.

Mwezi wa Septemba 1992 Audrey Hepburn, mcheza sinema aliyekuwa balozi wa UNICEF, alizuru Somalia wakati wa njaa kuu. Alikuwa na miaka 63. Aliporudi Uswisi tumbo lilimwuma, na vipimo vya kwanza havikutoa jibu lililo wazi. Mtu aliyetoka safari kama hiyo akiumwa tumbo, ni nani asingedhani kuwa amelitoa njiani? Mwanzoni mwa Novemba, huko Los Angeles, kamera nyembamba iliingizwa tumboni mwake, ikaona saratani ya jamii hii hii, iliyokuwa imekua polepole kwa miaka kadhaa, ikaufunika utumbo mwembamba kama rangi nyembamba ipakwayo ukutani. Safari haikuileta, alikwenda nayo akarudi nayo. Alipasuliwa, akaanza kupewa dawa. Hakuweza kusafiri kwa ndege za abiria, basi rafiki akamtafutia ndege ya binafsi, iliyojazwa maua, akarudishwa kwake Tolochenaz kwa Krismasi. Siku alizopata nguvu alitembea bustanini. Alifariki usingizini jioni ya tarehe 20 Januari 1993.